Insha za Stoo: Namna ya Kuokoa Kazi za Zamani za Theolojia na Falsafa Chuoni

Ukipewa ufunguo wa stoo ya chuo cha theolojia huku kwetu, iwe Kisumu, Kakamega, Bungoma, Vihiga au Nakuru, nyuma ya viti vilivyovunjika na mabango ya mahafali utakuta katoni za insha. Insha za diploma, karatasi za semina, tasnifu fupi za mwaka wa mwisho; nyingine zimepigwa taipureta kwa kaboni, nyingine zimeandikwa kwa mkono kwenye fulskapu. Mkuu wa chuo anataka chumba kigeuzwe maabara ya kompyuta. Wewe umeambiwa "upange". Huna bajeti, huna msaidizi isipokuwa mwanafunzi mmoja wa likizo, na mtu fulani kwenye kamati ameshauliza kwa nini zisichomwe tu.

Nieleze kwanza msimamo wangu, maana ndio unaoamua mengi yanayofuata. Insha ya mwaka wa pili inayoeleza njia tano za Tomaso wa Akwino za kuthibitisha kwamba Mungu yupo haina jipya. Mwanafunzi kaisoma kitabuni, kairudia, mwalimu kaweka alama ya vema. Lakini insha ya mwanafunzi huyo huyo kuhusu namna watu wa kwao wanavyomzika aliyejitoa uhai, iliyopata C kwa kuwa hoja imelegea, huenda ndiyo karatasi pekee iliyobeba maneno ya mzee aliyezaliwa kabla reli haijafika Kisumu mwaka 1901. Maksi zilipima uwezo wa mwanafunzi kujenga hoja. Hazikumpima mzee. Kwa hiyo usichague cha kuhifadhi kwa kuangalia maksi, na ukipanga, panga kwa namna ambayo yule mzee ataweza kupatikana.

Hatua ya kwanza: barua na picha kabla ya kugusa

Omba barua fupi ya mkuu wa chuo. Iseme kwamba umeruhusiwa kufungua katoni, kwamba hakuna kitakachochomwa wala kuuzwa kwa kilo bila saini yake, na kwamba chumba fulani ni chako mpaka kazi iishe. Bila barua hiyo, wikendi moja ukiwa umesafiri kamati ya ujenzi itahamisha vitu vyako hadi kwenye kibanda cha jenereta, na Jumatatu kila mtu atasema aliagizwa na mwingine.

Kisha piga picha. Kila rafu, kila katoni ikiwa imefungwa na ikiwa wazi, kila fungu jinsi lilivyofungwa. Watu huona hatua hii kama kupoteza muda, ilhali mpangilio uliokuta ni ushahidi. Insha kumi na mbili zilizofungwa pamoja kwa kamba ya mkonge bila tarehe yoyote kwa kawaida ni za darasa moja. Ukiipata tarehe kwenye moja, umezipata zote. Ukishazifungua na kuzichanganya kwa alfabeti ili "zionekane nadhifu", ujuzi huo umekwenda na haurudi. Nimewaona watu wenye nia njema kabisa wakifanya uharibifu huu ndani ya saa moja, tena wakishangiliwa.

Hatua ya pili: unyevu, wadudu na pini

Huku karibu na ziwa adui wa kwanza ni unyevu. Hewa ikizidi unyevu wa asilimia 65 kwa muda, ukungu huota kwenye karatasi, na chumba kisicho na dirisha linalofunguka hufika hapo kwa urahisi msimu wa mvua ndefu. Kuna vipima unyevu vidogo vya bei nafuu; nunua kimoja ukitundike mbali na mlango. Rafu ziwe za chuma, ziachane na ukuta kwa upana wa kiganja, na ya chini kabisa iinuliwe kutoka sakafuni. Sakafu si mahali pa karatasi hata kwa usiku mmoja. Mwaka 2020 Ziwa Viktoria lilipanda hadi maji yakaingia majumbani. Kule Kano na Budalang'i mafuriko ni jambo la kila msimu. Na Nakuru nako ziwa lao limekuwa likisogea. Mchwa nao hawangoji mafuriko.

Karatasi yenye ukungu itenge kwanza, kabla ya kuifanyia lolote. Vaa barakoa na glavu, iweke chumbani penye hewa lakini pasipo jua. Watu wengi huanika karatasi nje juani kama mahindi. Jua hukausha kweli, ila hufifisha wino na kuifanya karatasi ivunjike ukiikunja. Ukungu ukishakauka na kuwa unga, uondoe kwa brashi laini, ukipiga mkono upande mmoja kuelekea nje ya ukurasa. Usifute kwa kitambaa chenye maji. Usipulize dawa ya mende wala kumwagia mafuta ya taa. Dawa hizo huacha madoa yasiyotoka, nawe ndiye utakayezivuta kila ukifungua faili.

Wadudu wanaotembea ndani ya karatasi huuawa kwa baridi. Funga fungu kwenye mifuko miwili ya nailoni, toa hewa, weka kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi kwa wiki mbili. Ukilitoa, liache limefungwa siku nzima hadi lirudie joto la chumba, la sivyo umande utatua kwenye karatasi na kukuanzishia ukungu upya. Friza yenyewe kwa kawaida ni ya jikoni. Nenda mapema, na uende kwa adabu: "Mama, naomba kona moja ya friza kwa wiki mbili, zimefungwa vizuri, hazitagusa chakula." Usimtume mwanafunzi. Mpishi aliyeombwa vizuri atakulindia mafungu yako kuliko mlinzi wa geti.

Njia hiyo hiyo ya friza ndiyo itakayokuokoa karatasi zikilowa. Ukungu huanza ndani ya siku mbili au tatu tu, na huwezi kukausha katoni ishirini kwa siku mbili. Zigandishe zote, kisha uzitoe chache chache uzikaushe kwa feni.

Pini za stepla na klipu zilizoshika kutu zitoe kwa kisu butu, ukiinua miguu ya pini moja moja kutoka nyuma. Ukiivuta kwa nguvu unaondoka na kona ya ukurasa, na kona ndiko mwalimu alikoandika tarehe. Badala ya pini tumia karatasi iliyokunjwa katikati kama jalada. Selotepu isitumike kabisa, hata kwenye ukurasa uliopasuka katikati. Gundi yake hugeuka rangi ya chai na kupenya hadi upande wa pili. Ukurasa uliopasuka unauweka kwenye bahasha yake peke yake, basi.

Fulskapu ni ndefu kuliko A4. Nunua faili za manila za saizi yake, usikunje karatasi ili iingie.

Hatua ya tatu: nambari

Hii ni fupi. Kila katoni ipate herufi, kila fungu nambari ndani ya katoni, kila insha nambari ndani ya fungu. C-4-07 ni insha ya saba ya fungu la nne la katoni C. Iandike kwa penseli laini, ya 2B, juu kulia mwa ukurasa wa kwanza. Kalamu ya wino isiingie chumbani, ya mgeni wala ya mkuu wa chuo. Usiweke mada wala mwaka ndani ya nambari, kwa kuwa utagundua baadaye kwamba mwaka ulikuwa mwingine na nambari itabaki ikisema uongo.

Hatua ya nne: jedwali

Fungua jedwali moja la kompyuta. Kama umeme wa kwenu ni wa kubahatisha, anza na daftari kubwa lenye mistari na ulihamishie baadaye. Safu zinazohitajika si nyingi: nambari, jina la insha kama lilivyoandikwa pamoja na makosa yake ya tahajia, mwandishi, mwaka, kozi, lugha, idadi ya kurasa, aina ya nakala (ya asili, ya kaboni, ya stensili, ya fotokopi), hali ya karatasi, maelezo, mahali panapozungumziwa, na waliohojiwa. Safu mbili hizi za mwisho ndizo zitakazokula muda wako, nazo ndizo sababu ya kazi yote.

Ukitaka insha ziweze kukutana na vitabu vya maktaba, ongeza nambari ya Dewey, yaani ile ya mfumo wa maktaba wa kupanga vitabu kwa mada. Falsafa ni 100 na dini ni 200, ila hilo ni pana mno kukufaa. Falsafa ya Afrika iko 199.6, dini za jadi za Afrika 299.6, historia ya Kanisa nchini Kenya 276.762. Nyingi ya insha zako zitaangukia kwenye hizo tatu na kwenye maadili, 170. Usijisumbue na zaidi ya hapo.

Mwaka ndio unaosumbua. Wanafunzi waliandika jina, kozi na jina la mwalimu, wakasahau tarehe kwa kuwa wao waliijua. Majina ya makanisa na ya serikali yatakusaidia kuliko unavyodhani. Insha inayosema "Dayosisi ya Maseno" bila Kusini wala Kaskazini ina uwezekano mkubwa kuwa ya kati ya 1961, dayosisi hiyo ilipoundwa, na 1970 ilipogawanywa. Kanisa la Kianglikana likiitwa CPK (Church of the Province of Kenya), uko kati ya 1970 na 1998. Likiitwa ACK (Anglican Church of Kenya), umevuka 1998. Kwa Wakatoliki, Kakamega ikitajwa kuwa jimbo, ni 1978 au baada yake, Bungoma, 1987, Kisumu ikiitwa jimbo kuu, 1990, Homa Bay, 1993. "Kavirondo Kaskazini", jina la kikoloni la wilaya ya Waluhya, ni lugha ya kabla ya 1948, ingawa wazee wameendelea kuitumia, kwa hiyo angalia ni nani anayesema, mwandishi au aliyehojiwa. Mkoa wa Magharibi haukuwapo kabla ya 1963. Kaunti hazikuwapo kabla ya katiba ya 2010. Mwanafunzi anayesema alitoka kidato cha sita moja kwa moja hadi chuoni alifanya mtihani wake kabla ya mfumo wa 8-4-4 kukifuta kidato hicho. Darasa la mwisho lilikuwa la 1989.

Mawazo nayo yana tarehe. Mwanafunzi akianza kujadili "Sasa" na "Zamani" kama dhana mbili za wakati wa Mwafrika, anamjibu mwanateolojia Mkenya John Mbiti, na haielekei kuwa aliandika kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1960. Akigawa falsafa ya Afrika katika mikondo minne, amemsoma mwanafalsafa Mkenya Odera Oruka, aliyeutoa mgawanyo huo mwaka 1978. Akizungumzia ibada ya Misa kwa Kijaluo au Kiluhya kama jambo jipya linalobishaniwa parokiani, yuko karibu na miaka iliyofuata Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofungua mlango kwa lugha za wenyeji katika Misa na kumalizika 1965. Ukikisia mwaka, uandike kwenye mabano ya mraba na useme kwa nini ulikisia hivyo. Atakayekuja baada yako atakushukuru kwa sababu kuliko kwa mwaka wenyewe.

Hatua ya tano: soma kuanzia nyuma

Sasa chukua insha ya kawaida kabisa. Nakala ya kaboni, herufi za zambarau zilizoanza kupauka, kichwa chake ni kuhusu ubatizo na majina ya kurithi. Kurasa nane za kwanza ni Paulo kwa Warumi, Agostino kidogo, na aya mbili zilizonakiliwa kwa kitabu cha mmisionari. Ruka zote. Nenda ukurasa wa mwisho, pale penye orodha ya waliohojiwa: majina manne, kijiji, umri, wakati mwingine ukoo na kazi, "mkunga", "katekista mstaafu", "mfua chuma". Kisha rudi ndani ukitafuta nambari za chini ya ukurasa zinazoelekeza kwa watu hao. Hapo ndipo insha inapobadilika sauti. Sentensi zinakuwa fupi, zinaingia maneno ya Kijaluo au Kibukusu ambayo mwanafunzi hakuthubutu kuyatafsiri, na pembeni mwalimu amechora mstari mwekundu akiuliza chanzo. Chanzo kilikuwa nyanya yake.

Kwenye jedwali, kila aliyehojiwa apate mstari wake kwenye ukurasa wa pili wa jedwali, ukiunganishwa na nambari ya insha. Andika jina, mahali, umri uliotajwa, na mada alizozizungumzia. Kisha weka alama ya namna tunavyomsikia. Mimi hutumia tatu. Moja: maneno yake yamenukuliwa. Mbili: yamefupishwa na mwanafunzi lakini yanajulikana ni yake. Tatu: jina lipo kwenye orodha tu, ndani hayumo. Za tatu ni nyingi kuliko utakavyopenda.

Utofauti huo una historia yake hapa kwetu. Odera Oruka, mzaliwa wa Ugenya mwaka 1944, alipokuwa akifundisha falsafa Chuo Kikuu cha Nairobi alianzisha katika miaka ya 1970 utafiti wa kuwahoji wazee wenye hekima, akiwamo Paul Mbuya Akoko wa huku Nyanza. Alikuwa na swali lililomkera kuhusu vitabu vya wakati wake: kwa nini vinasema "Waafrika huamini hivi" kana kwamba kijiji kizima kina kichwa kimoja? Akatenganisha mzee anayeijua mila na kuieleza vizuri na mzee anayeijua kisha akaipima, akaikubali hapa na kuikataa pale kwa sababu anazoweza kuzitetea. Aliaga dunia mwaka 1995, lakini swali lake bado ndilo kipimo kizuri kwa mpanga stoo. Ukisoma insha, jiulize kama mzee anaachwa abishe. Pale anapobisha, anapomwambia kijana kwamba wazee wa zamani walikosea kuhusu jambo fulani, weka nyota kwenye jedwali. Nyota hizo chache ndizo utakazozitoa kwanza mtafiti akija.

Usimwamini mwanafunzi kupita kiasi, hata hivyo. Alikuwa na mwalimu wa kumridhisha. Kama darasa lilikuwa likifundishwa kwamba Nyasaye wa Wajaluo na Mungu wa Biblia ni mmoja, ghafla wazee wote wanne wanasema hivyo hivyo kwa maneno yale yale. Okot p'Bitek, mshairi na mwanazuoni wa Uganda aliyewahi kuishi na kufanya kazi Kisumu, aliwashutumu wanateolojia wa Kiafrika kwa kuwavika miungu ya mababu kanzu za Kigiriki. Ukisoma mafungu ya miaka ya 1970 utaona alichokuwa akilalamikia, na pia utaona wazee wasiovaa kanzu hiyo. Usiandike maoni yako kwenye insha. Yaandike kwenye safu ya maelezo, kwa ufupi, na uweke tarehe.

Majina ya Mungu na ya mila yana tahajia nyingi. Utakutana na Nyasaye na Nyasae, Were na Wele, Asis na Asiis, jok na juok. Acha ya mwandishi kwenye safu ya jina la insha kama ilivyo, halafu weka safu ya maneno ya kutafutia yenye tahajia moja uliyoichagua. Vivyo hivyo kwa chira (balaa la kuvunja mwiko), juogi (pepo), imbalu (tohara) na mengineyo.

Angalia kwa makini zaidi insha zinazohusu makanisa yaliyozaliwa hapa hapa. Nomiya ya Johana Owalo, aliyesimulia maono ya mwaka 1907. Roho, ambao mwanzilishi wao Alfayo Odongo Mango aliuawa Musanda mwaka 1934. Kanisa la Israeli Nineveh lililoanzishwa na Zakayo Kivuli mwaka 1942. Legio Maria, lililojitenga na Kanisa Katoliki. Dini ya Msambwa ya Elijah Masinde, iliyopigwa marufuku na wakoloni. Wanafunzi walioandika kuhusu makanisa haya mara nyingi walitoka nyumba zilizosali huko, na ndani ya insha iliyojaa lawama za kiteolojia utakuta ukurasa mzima wa nyimbo, au maelezo ya kanzu na rangi zake yaliyoandikwa na mtu aliyekuwa akiifua kila Ijumaa. Lawama zimo vitabuni tayari. Nyimbo hazimo.

Hatua ya sita: ya kufungia kabatini

Si kila kitu ni cha kusomwa na kila mtu, na hapa vyuo vingi hukosea kwa kwenda upande mmoja au mwingine: ama vinaweka kila kitu mtandaoni, ama vinafunga kila kitu na kupoteza ufunguo.

Haki ya insha ni ya aliyeiandika. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Chuo kuwa na karatasi hakumaanishi kina haki ya kuichapisha. Mtafiti kuisoma chumbani kwako ni jambo jingine na halina shida. Ukitaka kuiweka wazi, mtafute mwandishi. Si kazi ngumu kama inavyosikika, kwa kuwa wengi wao ni wachungaji, mapadre na walimu wastaafu, na ofisi ya dayosisi inajua walipo. Waandikie barua ya ukurasa mmoja, au umpigie simu na kumwamkia kama mzee wako, na uombe kibali kwa maandishi hata kama atasema "chukua tu, mwanangu". Wengine watakataa wakicheka, hawataki wajukuu waone Kiingereza chao cha 1974. Heshimu.

Sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 inahesabu imani na dhamiri ya mtu aliye hai kuwa taarifa nyeti. Kwa insha za theolojia hilo si jambo la pembeni. Kuna mwanafunzi aliyeandika kwamba hakuwa na hakika tena ya wito wake, na leo ni askofu. Kuna insha za maadili ya ndoa zinazosimulia nyumba ya jirani bila kuficha jina. Kuna insha kuhusu uchawi ambamo mwanakijiji ametajwa kwa jina na boma, na kwenye vijiji vyetu mtu huweza kupoteza nyumba, hata uhai, kwa tuhuma ya namna hiyo, iwe imeandikwa jana au miaka arubaini iliyopita. Hizo zote ziwekewe alama F kwenye jedwali, zikae kwenye kabati la chuma lenye kufuli, na asizifungue mtu bila idhini ya watu wawili. Usikate jina kwa mkasi wala kulipaka wino. Karatasi ya asili ibaki nzima. Jina lifichwe kwenye nakala utakayompa msomaji.

Ukurasa wa jedwali wenye waliohojiwa nao usiwekwe wazi wote. Wale ambao kwa umri uliotajwa hawawezi kuwa hai, sawa. Wengine ngoja.

Hatua ya saba: kuskani

Usianze hapa. Vyuo hupenda kuanza hapa kwa kuwa mashine inaonekana na mfadhili hupiga picha nayo, kisha kunabaki maelfu ya faili zinazoitwa Scan0001 ambazo hakuna anayejua ni za nini.

Skana ya mezani yenye kioo ndiyo salama. Ile inayovuta karatasi yenyewe itakupasulia kaboni. Weka nukta 300 kwa inchi, na 400 kwa nakala za kaboni na stensili zilizopauka. Tumia rangi hata kama karatasi ni nyeusi na nyeupe, kwa kuwa wino mwekundu wa mwalimu ni sehemu ya hati na ukiwa kijivu unapotea. Simu nzuri nayo inafaa ikiwekwa kwenye stendi isiyotikisika, mwanga ukitoka pande mbili, karibu na dirisha asubuhi. Nakala kuu hifadhi kama TIFF, aina ya faili ya picha isiyopunguza ubora, ya kusomea iwe PDF. Jina la faili ni nambari ya insha na ukurasa, C-4-07-001, bila nafasi.

Programu za kugeuza picha kuwa maandishi husoma taipureta ya Kiingereza na Kiswahili vizuri kiasi, huboronga Kijaluo na lugha za Waluhya, na mwandiko wa mkono huzishinda. Orodha za waliohojiwa zichapwe na binadamu.

Nakala ziwe tatu, kwenye vifaa vya aina mbili tofauti, na moja iwe mji mwingine kabisa. Kama chuo kiko Kisumu, diski moja ikae kwa chuo rafiki Eldoret au Nakuru, nanyi mtunze ya kwao. Flashi si hifadhi. Ni ya kubebea tu.

Hatua ya nane: makao na wageni

Kwa chuo kidogo, kabati, jedwali na diski vinatosha kwa miaka mingi. Mkikua, DSpace ni programu ya bure na vyuo vikuu kadhaa vya humu nchini vinaitumia kuhifadhi tasnifu, kwa hiyo hutakosa fundi wa kukuelekeza. Ikiwa chuo kinafungwa au kinahamishwa, usingoje siku ya malori. Andikia mapema Hifadhi ya Kumbukumbu ya Taifa, ambayo ina ofisi Kakamega, au maktaba ya chuo kikuu kilicho karibu, ukiambatanisha jedwali. Hakuna anayekubali "katoni za insha". Wengi watakubali orodha ya wazee mia mbili waliohojiwa na mada walizozungumzia.

Mgeni akija kusoma, asaini kitabu, aweke mkoba nje, apewe fungu moja kwa wakati na penseli. Watafiti wamezoea. Wasiozoea ni wale watakaokuja bila kujua neno utafiti: mama aliyesikia kanisani kwamba kuna karatasi yenye maneno ya baba yake. Mpe kiti kizuri. Kama insha haina alama F, mpe fotokopi ya kurasa zenye maneno ya baba yake, asilipe. Halafu umwulize, akiwa bado ameketi, kama jina limeandikwa sawasawa, kama mzee ana jina jingine la ukoo au la ubatizo, na alifariki mwaka gani. Jaza majibu kwenye mstari wa mzee huyo, pamoja na jina la aliyekuambia na tarehe ya siku hiyo.